Majani ya Mpunga Usiyachome, Yanajenga Ukuta

Baada ya mavuno, ukipita majaruba ya Igunga au Nzega utaona moshi: watu wanachoma majani ya mpunga. Mbele kidogo kuna tanuri la tofali, nalo linameza magogo ya miombo.

Majani hayo yakifungwa marobota yanajenga ukuta. Walowezi wa Nebraska, Marekani, ambako miti ilikuwa adimu, walianza kujenga hivyo mwishoni mwa karne ya 19. Kanisa lao la mwaka 1928 pale Arthur lingalipo.

Huna mashine? Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 90, upana 45, kina 35. Tandika kamba za katani, jaza, panda ukanyage mpaka majani yagome, kisha funga. Robota zuri ukilinyanyua kwa kamba halilegei. Lipasue moja, utie mkono katikati: ukikuta joto au uvundo, peleka shambani likawe mbolea. Kwa kuwa marobota ya kukanyaga kwa miguu hayabanani kama ya mashine, usiyabebeshe paa. Nguzo zibebe, marobota yajaze.

Watu huniuliza kwanza habari ya moto. Robota lililobanwa na kupigwa plasta haliwaki kirahisi, kwani ndani hewa ni haba. Cha kuogopa ni majani yaliyotapakaa saiti, na fundi mwenye sigara.

Adui ni maji. Ezeka kabla ya kupanga marobota. Msingi wa mawe na saruji upande sentimita 40 juu ya ardhi, na juu yake nailoni ngumu. Mchwa nao watalazimika kupanda kwa nje, utaona njia yao ya udongo na kuikwangua.

Plasta ni udongo wa kichuguu, mchanga na majani yaliyokatwakatwa, mikono mitatu, kila mmoja ukauke. Nje malizia kwa chokaa. Saruji sitii: inafungia unyevu ndani. Yote yaishe kabla ya mvua za Novemba.

Na madirisha! Ghala langu la kwanza nilisahau kukipa kizingiti cha dirisha mteremko. Nilipobomoa pale chini, majani yalikuwa meusi, yanamomonyoka mkononi. Hatua moja pembeni yalikuwa ya manjano, makavu, kama yametoka jarubani jana.