Kisu cha Mhunzi cha Kutembea Nacho: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hapa Uganda kazi nyingi za mkono hupita kwenye makali. Kumenya matoke, kukata kamba ya mbuzi, kupaa samaki, kufungua gunia, kuchonga kijiti cha mishikaki: kisu kimoja kifupi kisichokunjwa, chenye ala yake, kinayaweza yote hayo. Na visu hivyo bado vinafuliwa humu humu nchini, kwa mafundi chuma wa Katwe na Kisenyi jijini Kampala, na vijijini kwa mhunzi mmoja mmoja mwenye mvukuto na fuawe yake. Tatizo ni kwamba mnunuzi hufika pale akiwa tayari ameshiba maneno ya mtaani, na maneno hayo ndiyo yanayomrudisha nyumbani na kisu kisichomfaa.

“Kisu kizuri ni kikubwa na kizito”

“Fundi, nipe kile kikubwa.” Wengi huanza hivyo. Ukubwa una kazi yake, sikatai. Panga limeumbwa kufyeka na kukata kuni, na hakuna kisu kidogo cha kulishinda shambani. Lakini kazi za kila siku zinataka wembamba. Makali hukata kwa kupenya, na kinachoyazuia yasipenye ni unene wa chuma ulio nyuma yake. Chukua kisu chenye mgongo wa milimita 5 ukate nacho muhogo mbichi: makali yataingia kidogo, kisha muhogo utapasuka wenyewe mbele ya chuma, na kipande kitaruka upande usioutaka. Kisu cha milimita 2 au 3, kilichopunguzwa unene taratibu kutoka mgongoni hadi makalini, kinapita moja kwa moja na kukuachia kipande kilichonyooka.

Mtazame mama anayemenya matoke ya sherehe. Amepaka mafuta viganjani ili utomvu usimgande. Kisu chake ni kifupi, na bapa lake limeliwa na miaka ya kunolewa hadi likawa jembamba. Anachana ganda kwa urefu, anaingiza makali chini yake, anasukuma kwa kidole gumba, ganda linaachia na ndizi inatoka nzima. Mpe kisu kinene kinachosifiwa kwa uzito, utaona nusu ya ndizi imebaki kwenye ganda.

Unene huo unatoka wapi? Visu vyetu vingi hutokana na springi za lori, na springi ni bamba nene. Kulifikisha kwenye milimita 3 kunataka mkaa mwingi, nyundo nyingi na kazi ndefu ya tupa. Fundi anayeuza kwa bei ya chini hana muda huo, basi analiacha nene, na mnunuzi analipokea kama dalili ya nguvu. Kwa kweli analipia uzito wa kazi ambayo haikufanywa. Mimi ningemwambia kila anayenunua: aanze kuangalia kisu kwa kukigeuza mgongo juu, kabla hajaangalia urefu wake. Kwa matumizi ya kawaida, bapa la sentimita 8 hadi 10 linatosha, na mpini uzidi kidogo upana wa kiganja chako ili vidole vyote vine vikae bila kubanana.

“Ni cha springi, kwa hiyo ni kigumu”

Springi ni malighafi nzuri, hilo ni kweli. Kwa kawaida ina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kikubali kuwa kigumu. Nondo nyingi za ujenzi hazina kaboni ya namna hiyo, na kisu cha nondo hata ukinoe asubuhi hadi jioni, makali yake hulala baada ya kazi chache. Hadi hapo mtaani wanasema sawa.

Wanachosahau ni moto. Kipande cha springi kilichofuliwa kikaachwa kupoa chenyewe ni laini. Ugumu huja pale mhunzi anapokipasha tena hadi kisishikwe na sumaku, yaani karibu nyuzi joto 770 za Selsiasi, akakizidisha kidogo, halafu akakizamisha ghafla kwenye mafuta. Wengi hutumia oili chafu ya injini. Joto hilo hulipima kwa kuangalia rangi ya chuma, ndiyo sababu mhunzi mzuri hufanya hatua hii kivulini: juani rangi humdanganya. Wapo wanaozamisha kwenye maji ili kuharakisha, na springi ikizamishwa kwenye maji ikiwa imeshakuwa nyembamba makalini huweza kupata ufa usioonekana kwa haraka.

Kisu kikitoka kwenye oili kimekuwa kigumu kupita kiasi na kinaweza kumeguka kikianguka sakafuni. Kinahitaji moto wa pili, mdogo, wa kama nyuzi 200 hivi, ili kipate uvumilivu. Wahunzi wa zamani wana njia yao ya kupendeza: huzamisha makali tu, huacha joto mgongoni, kisha husugua bapa haraka liwe jeupe na kuangalia rangi zikisafiri kutoka mgongoni kuelekea makalini. Rangi ya majani makavu inapofika makalini, kisu kizima kinatiwa ndani ya oili. Wakati huo mgongo unakuwa umepita hadi buluu, umelainika, na unaweza kuvumilia kishindo ambacho makali yasingeweza. Fundi anayelijua hilo hana haja ya kukuambia kisu kilitoka kwenye lori gani.

Wewe mnunuzi, nenda na tupa ndogo. Omba ruhusa, kisha iguse taratibu kwenye makali, karibu na mpini ambako alama haitasumbua. Tupa ikiteleza bila kushika, chuma kimetiwa ugumu. Ikiuma na kuondoka na vumbi, umeshika kisu laini, hata kama kinameta. Fundi atakayekataa kabisa jaribio hilo amekujibu. Angalia pia nyufa: springi iliyobeba mizigo miaka mingi huweza kuwa na uchovu ndani yake, na ufa mdogo mgongoni ni sababu ya kutosha kukirudisha mezani.

Kuhusu mpini, utasikia kwamba bila ribiti tatu kisu si imara. Ribiti ni nzuri, lakini msuka (mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini) uliopashwa hadi ukawa mwekundu na kuchomekwa ndani ya mti mkavu umefanya kazi vizazi na vizazi. La kuuliza ni urefu: msuka unaishia wapi ndani ya mpini? Ukiingia robo tu, mpini utalegea. Na mti uwe mkavu kweli, mvule au mti mwingine mgumu, kwa sababu mti mbichi husinyaa na kuacha nafasi.

“Kikishika kutu ni kibovu, nunua kinachong’aa”

Chuma kisichoshika kutu kinapewa sifa hiyo na kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi, na hata hicho hushika kutu kikiachwa na chumvi au unyevu muda mrefu. Visu vya bei rahisi vinavyong’aa madukani mara nyingi ni laini. Vinapendeza wiki ya kwanza. Chuma cha springi hakina kinga hiyo, lakini hunoleka kwa urahisi na hushika makali vizuri.

Kuna kitu kingine ambacho watu wanakiita kutu bila kuwa kutu. Ukimenya matoke au kukata embe na ndimu kwa kisu cha springi, bapa litabadilika kuwa la kijivu, kisha jeusi lenye mawimbi ya buluu. Usilisugue kwa mchanga. Weusi huo umetulia juu ya chuma na kukikinga kiasi. Kutu ya kuogopa ni nyekundu, inayochubuka na kuacha mashimo. Dawa yake ni ndogo: osha, kausha papo hapo, paka tone la mafuta ya kula kama kisu ni cha chakula. Wanaofanya kazi kwenye chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese (Katwe nyingine hiyo, si ile ya mafundi wa Kampala) wana haki kabisa ya kuchagua kisichoshika kutu. Mvuvi wa Ziwa Victoria yuko kwenye maji yasiyo na chumvi, na kisu cha springi kitamfaa akikumbuka kukikausha.

“Cha kukunja ni salama zaidi”

Kinabebeka vizuri, hilo nakubali. Lakini ukichinja kuku kwa kisu cha kukunja, damu na mafuta huingia kwenye bawaba na kubaki humo. Kisichokunjwa hakina pa kufichia uchafu, wala hakiwezi kukufunga vidole.

“Mpelekee mwenye mashine, atakinoa dakika moja”

Jiwe linalozunguka kwa kasi huzalisha joto kubwa mahali pembamba kuliko pote. Ukiona makali yamegeuka buluu pale kwenye grainda, joto limefika karibu nyuzi 300 na ule ugumu alioutafuta mhunzi umepungua. Kisu kitatoka kikikata nywele, na baada ya siku chache kitakuwa butu tena. Utarudi kwa mashine, na kila safari kinaisha. Wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani si wote wabaya: yule anayezungusha polepole na kulowesha jiwe kila mara anakitendea kisu chako haki. Ila kwa kisu cha kila siku, kinoo cha nyumbani chenye maji kinatosha. Laza bapa karibu kabisa na jiwe, vuta upande mmoja hadi usikie kwa kidole ukingo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili, geuza, kisha malizia kwa mikono myepesi. Wanaosema kisu butu ni salama kwa watoto na wapishi wajue kwamba butu husukumwa kwa nguvu, na nguvu ikiponyoka huishia mkononi.

“Visu vya asili ni vya makumbusho”

Nenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Kuna kisu cha kifundo cha mkono, bamba la mviringo linalovaliwa kama bangili na makali yakiwa upande wa nje. Kilikata nyama na kilitumika vitani pia. Ninachokipenda zaidi ni utepe wa ngozi unaovishwa kuzunguka makali yote wakati hayana kazi. Watu wale walijua zamani kwamba kisu cha kutembea nacho ni vitu viwili, makali na kifuniko chake, na kukosa kimoja ni kukosa vyote.

Leo mtu hununua kisu kizuri na kukifunga kwenye gazeti. Ala inayofaa hukishika kisu kisitoke hata ukiigeuza juu chini, na ncha yake haiwezi kutoboa nje. Ngozi ni nzuri, ila hunyonya unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma, kwa hiyo usiache kisu ndani yake majira yote ya mvua. Mafundi wengine hupasha kipande cha bomba la plastiki, wakakibana bapa na kukiumba kwa umbo la kisu. Hakipendezi sana lakini kinaoshwa na kukauka. Na ukipanda bodaboda, usikivae mbele ya mkanda. Ukikaa, ncha inaelekea kwenye paja, na pajani unapita mshipa mkubwa wa damu. Kitie kwenye begi.

“Nakibeba kwa ajili ya usalama wangu”

Hili naliandika kwa uzito wote nilio nao, hasa kwa vijana wanaorudi usiku kutoka kazini. Kisu hakikulindi. Ukikitoa, aliyekuja kukunyang’anya simu sasa ana sababu ya kukuumiza, na mikono miwili ikigombania makali hakuna anayejua nani ataondoka mzima. Simu hununuliwa tena.

Sheria nayo haiangalii kisu peke yake. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inafanya kuwa kosa kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayowatia watu hofu. Na kwenye wizi wa kutumia nguvu, chombo chochote cha kuchoma au kukatia huhesabika kuwa silaha ya kuua, kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Mchuuzi wa nanasi mwenye kisu mezani ana sababu inayoonekana kwa macho. Mtu mwenye kisu kiunoni saa nne za usiku nje ya baa hana, hata kama mchana alimenyea ndizi kwa kisu hicho hicho. Hofu ya watu pia ina historia: mwaka 2021 mauaji ya mapanga eneo la Masaka yaliwanyima wengi usingizi, na hadi leo chuma kirefu mkononi mwa mgeni kinawashtua watu kijijini.

Tangu mabomu ya Julai 2010 jijini Kampala, milango ya maduka makubwa, hoteli na nyumba nyingi za ibada ina walinzi na vifaa vya kukagua. Usibishane na askari pale mlangoni. Siku ya kwenda huko kisu kibaki nyumbani. Safari ya basi, kifunge ndani ya ala, kiweke katikati ya nguo kwenye begi la chini. Uwanja wa ndege wa Entebbe, kiende kwenye mzigo unaosalimishwa, kamwe si kwenye begi la mkononi.