Je, mtoto husahau?

Kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, husemwa kwamba mtoto aliyepigwa au kuona vurugu nyumbani hukua akasahau. Kumbukumbu hufifia, kweli. Mwili ndio mgumu kusahau: mama aliyepitia hayo utotoni anakuna nazi, upepo wa kusi unabamiza mlango, mikono inamtetemeka.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopitia aina 4 au zaidi za madhila utotoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya sonona, maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka upesi, kuliko wasiopitia. Hatari lakini si hukumu, wengi hawaugui.

Ukisoma dai kama hili, tazama kama waliopitia madhila walilinganishwa na wasiopitia. Anayesema “lazima ataugua”, muulize kalitoa wapi.