Mirunda, saruji na mazoea: maswali ya mafundi ujenzi wa Mbeya

Nimekwea mirunda, nguzo za jukwaa la ujenzi, miaka 15 hapa Mwanjelwa, sijaanguka hata mara moja. Hatari iko wapi?

Iko palepale, fundi, ila umeizoea. Kumbuka siku ya kwanza ulipopandishwa kwenye lenta, magoti yalivyokucheza. Urefu ni uleule. Na mirunda ya Mafinga ikishapigwa na mvua za Januari huteleza, na misumari iliyong'olewa na kugongwa upya mara tatu haishiki tena.

Mbona mafundi wa Ulaya na Marekani wanajifunga mikanda hata pafupi? Ni waoga?

Si uoga. Marekani, mwajiri anatakiwa kumkinga mjenzi asianguke kuanzia futi 6, yaani kama mita 1.8, pungufu ya kimo cha mlango. Uingereza, kanuni za 2005 hazikutaja kimo kabisa: ukiweza kuanguka ukaumia, hiyo tayari ni kazi ya juu. Hata hivyo, kuanguka bado kunaongoza kwa kuua wajenzi katika nchi zote mbili.

Sisi nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Lakini yule saidia fundi anayelipwa kwa siku, akiambiwa "unaogopa? shuka, wenzako wapo getini", anapima hatari mbili: kuanguka na kulala njaa. Ya pili anaifahamu vizuri zaidi. Mimi simlaumu.

Hatari gani tunaidharau kuliko zote?

Kwa macho yangu, saruji. Asubuhi moja ya baridi ya Juni nilimkuta kijana anakanyaga zege kwa ndala, suruali imelowa hadi magotini, anacheka na wenzake. Hakuwa akisikia maumivu, na hapo ndipo penye mtego. Saruji mbichi ina alkali kali, inaunguza ngozi taratibu huku kazi ikiendelea. Jioni ndipo malengelenge yanapotoka.

Vaa gambuti na glavu za mpira. Ikiingia ndani ya buti, vua papo hapo, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Usipake dawa ya meno. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama unaona vizuri.

Na vumbi la grinda?

Vumbi la zege, mawe na vigae lina silika, yaani chembe laini za madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Hutia makovu kwenye mapafu kwa miaka, makovu hayo hayaponi, na humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Kata huku unamwagia maji, ila kwa mashine iliyotengenezwa kukatia majini. Grinda ya kawaida ya umeme na maji ni kifo kingine. Kitambaa usoni hakizuii vumbi laini, tafuta barakoa yenye kichujio.

Nikiumia, nani analipa?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi kitu. Umwulize bosi kama amejisajili, kabla hujapanda.