Yungiyungi linataka udongo mzito

Juzi nilipanda mayungiyungi matatu kwenye bwawa la bustani moja hapa Entebbe. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa nini yale ya kwanza yalioza. Nikatia mkono kwenye beseni la zamani, nikatoa tope jeusi linalonuka kama yai viza. Lilikuwa limejaa samadi ya ng'ombe.

Shambani samadi ni neema. Chini ya maji huendelea kuoza pasipo hewa, mizizi inaoza nayo, na rutuba inayovuja inalisha mwani mpaka maji yote yanakuwa kijani. Udongo mwepesi wa maua unaouzwa kwenye mifuko nao haufai, kwani ukiuzamisha unaelea.

Mimi hutumia mfinyanzi mtupu. Huku wilayani Wakiso kuupata si kazi, nenda kwa wafyatua matofali. Chukua donge lenye unyevu, lisokote liwe uzi mnene kama kidole, kisha ukunje mduara. Usipokatika, umepata udongo wako.

Beseni liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda chini. Sentimita 40 kwa 20 hunitosha. Mayungiyungi ya nchi za joto huota kwenye kiazi kinachokua kwenda juu, kwa hiyo panda katikati. Yale ya nchi za baridi yana shina linalotambaa chini ya udongo; hayo hupandwa pembeni, ncha ikielekea katikati. Kwa vyovyote, pale majani machanga yanapochomoza pabaki wazi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanafukia mpaka juu, na mmea unakufa kimyakimya. Kisha tandaza kokoto kidogo kuzunguka shina ili samaki wasifukue.

Usiliteremshe beseni chini kabisa siku hiyo hiyo. Liweke juu ya matofali, maji yapite juu ya mmea sentimita 15 hivi. Majani yakishafika juu na kutanda, toa tofali moja moja mpaka ufikie sentimita 30 au 45. Mahali papate jua kwa muda wa angalau saa sita kila siku, na mbali na bomba linalorusha maji, maana yungiyungi linapenda maji yaliyotulia.

Kama bwawa lako ni la saruji mpya, subiri. Chokaa inayotoka kwenye saruji huwadhuru samaki na mimea. Lijaze, liache wiki moja, limwage, lisugue. Mimi hurudia mara tatu, hata mteja akinung'unika.

Samaki ni lazima, kwa sababu maji yaliyotuama yasiyo na samaki ni kitalu cha mbu, na malaria tunaijua. Weka wale wadogo wa mapambo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ngege na kambale waache kwenye mabwawa yao ya kufugia, kwa kuwa ngege hula mimea na kambale hufukua.

Kwa rangi, napenda yungiyungi letu la buluu, Nymphaea nouchali, lile unaloliona ukipita kwa mtumbwi kati ya mafunjo ya kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria. Ua lake husimama juu ya maji, hufunguka asubuhi na kufumba alasiri, siku tatu au nne hivi, kisha huzama. Lakini usiling'oe kule. Nunua kwa mwenye kitalu. Ukifika nalo nyumbani, lisuuze na ukague mizizi kabla halijagusa bwawa. Gugu maji lilianza kutusumbua Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kipande kidogo tu kinatosha kuzaliana.

Majani yakianza kuwa manjano, fuata kikonyo kwa vidole mpaka chini, ukate hapo. Mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) naifunga kwenye karatasi, kijiko kimoja, naisukuma ndani ya mfinyanzi mbali na kiazi, kisha naziba tundu kwa kidole gumba.