Breki kushika maana yake nini hasa? Diski za baiskeli ya mlima

Ukishuka kutoka kule juu Menengai, pale watu husimama kuangalia krata, mpaka ufike Milimani utakuwa umeshika breki karibu njia yote, na hapo ndio mtu hujua kama breki yake ni breki ama alikuwa anaiamini tu. Swali naulizwa sana na vijana wa baiskeli hapa Nakuru ni "diski yangu haishiki, ninunue gani?" na mimi kwanza huuliza, haishiki vipi? Liva, yaani ule mkono wa breki unaovuta kwa kidole, inaenda mpaka inagusa usukani? Ama liva ni ngumu lakini baiskeli haisimami? Ama inashika vizuri juu halafu ikifika katikati ya mteremko inaisha nguvu? Hizo ni shida tatu tofauti kabisa na kila moja ina dawa yake, ukichanganya unanunua spea ya bei na shida inabaki palepale.

Kushika ni vile nguvu ndogo ya kidole inageuka kuwa msuguano wa kuzuia gurudumu lisizunguke. Kidole kinavuta liva, liva inavuta waya au inasukuma mafuta, pistoni za kalipa (kile kibanio kinachokumbatia diski) zinabana pedi, pedi zinabana diski (ile sahani ya chuma), diski imefungwa kwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, habu inazuia gurudumu, na tairi ndio inashikana na barabara. Nguvu inaweza kupotea mahali popote katika huo msururu.

Tuanze na waya kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba zenye diski zinakuja na breki za waya. Si mbaya, lakini waya huvutika, ganda lake hujibana kidogo ukivuta kwa nguvu, na mvua za upande wa Kakamega zikiingia ndani inashika kutu, kwa hivyo sehemu ya kazi ya kidole inaishia njiani. Halafu kalipa nyingi za bei ya chini zina pistoni upande mmoja tu. Inama uangalie kwa karibu wakati mwenzako anavuta liva, utaona pedi ya nje inasonga, inasukuma diski, na diski inajipinda kidogo mpaka iegemee ile pedi ya ndani ambayo haisongi hata kidogo. Ukiileta hiyo ya ndani karibu, ibaki na nafasi kama unene wa karatasi moja au mbili, utashangaa vile breki inabadilika na hujanunua kitu chochote.

Haidroliki, yaani breki ya mafuta, haina hiyo shida ya kuvutika kwa sababu mafuta hayabaniki. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ndiye alieleza kwamba ukikandamiza kitu cha majimaji kilichofungiwa ndani ya chombo, shinikizo linasambaa sawa pande zote. Sasa pistoni ya kwa liva ni ndogo na zile za kalipa ni pana, shinikizo ni lilelile lakini likisukuma eneo pana linatoa nguvu kubwa zaidi, na bei yake ni kwamba pistoni za huko chini zinasonga kidogo sana, ndio maana pedi za haidroliki hukaa karibu kabisa na diski na diski ikipinda kidogo tu unaisikia ikikwaruza. Kalipa ya pistoni nne ni wazo hilohilo limepanuliwa, eneo zaidi, na pedi ndefu zaidi.

Ukubwa wa diski nao ni hesabu rahisi. Umeona fundi wa matatu akishindwa na nati ya tairi, anachomeka bomba kwa spana ndio mkono uwe mrefu, na nati inatoka bila yeye kuongeza misuli. Diski kubwa ni hiyo bomba. Pedi zinabana mbali zaidi na katikati ya gurudumu, kwa hivyo ukitoka diski ya milimita 160 ukaweka ya 180 unaongeza karibu asilimia 12.5 kwa kidole kilekile, na ukienda mpaka 203 inakuwa kama asilimia 27. Hiyo ni nguvu ya bure kwa bei ya diski na adapta ya kuinua kalipa. Kabla ya kununua angalia kama diski yako inafungwa kwa boliti sita ama ni ile ya kukaza kwa pete moja katikati, na angalia pia foku yako, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inaruhusu saizi gani, kwa sababu kila foku ina kiwango chake na kupita hapo ni kuikunja foku kwa nguvu ambayo haikutengenezewa, hapo sitaki mtu ajaribu.

Lakini ukubwa peke yake si kila kitu. Wazee waliobeba abiria na zile baiskeli nzito za Black Mamba kule Busia na Kisumu walikuwa na breki zinazobana rimu, na rimu ukiifikiria ni diski kubwa kuliko zote, ila mvua ikinyesha rimu ya chuma inateleza na breki zinapotea kwa muda. Pedi na chuma inachobana ndio huamua kama hiyo nguvu itageuka msuguano.

Kwa hivyo pedi, na hapa ndio pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Kuna pedi za resini, hizi zinashika mapema hata zikiwa baridi na hazipigi kelele sana, lakini zinaisha haraka kwa matope na zikipata moto mwingi uso wake unakuwa kama kioo na zinaanza kuteleza. Kuna za metali, hizi zinavumilia joto na matope, zinadumu, ila zinataka zipate moto kidogo ndio zishike vizuri na zina kelele kwa maji. Mtu wa kushuka Menengai ama ule mteremko wa kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio, mimi ningemwambia metali bila kufikiria mara mbili. Lakini soma diski yako kwanza. Diski nyingi za bei nafuu zina maandishi madogo yaliyochongwa kando yakisema zitumie pedi za resini pekee, chuma yake ni laini na pedi za metali zitaila haraka.

Hiyo habari ya joto watu huidharau sana. Ukingo wa juu wa Menengai uko mita 2,278 kutoka usawa wa bahari na mji uko kama mita 1,850, tuseme unashuka mita 400. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90, hiyo ni karibu kilojuli 350 za kuondoa, na hizo zinatosha kuchemsha lita nzima ya maji ya baridi. Upepo na tairi zinachukua sehemu, lakini kinachobaki kinaingia kwa vipande viwili vya chuma vyembamba, karibu milimita 2 kila kimoja. Ndio maana kuburuza breki kidogokidogo njia yote ni vibaya, heri ushike kwa nguvu kabla ya kona halafu uachilie diski zipate hewa. Diski kubwa inasaidia hapa pia, ina chuma zaidi ya kubeba joto.

Na kama liva yako inakuwa laini katikati ya mteremko mpaka inagusa usukani, mara nyingi hiyo ni hewa iliyoingia kwa mafuta ama mafuta yaliyochemka, si pedi. Kampuni ya breki ya Shimano wanatumia mafuta ya madini. Wenzao SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, aina ya mafuta ya breki kama ya gari, ingawa breki zao za juzi zinazoitwa Maven ni za mafuta ya madini. DOT huvuta maji kutoka hewani na maji yakiingia inachemka mapema, kwa hivyo inataka kubadilishwa. Usikubali mtu amimine DOT ya gari ndani ya breki ya mafuta ya madini, mpira wa ndani utafura na breki imekufa.

Mimi diski zangu ziliwahi kupiga kelele, fundi fulani akachukua kopo la mafuta ya kulainisha mnyororo akapulizia diski, kelele ikaisha palepale. Breki pia ikaisha. Pedi zinafyonza mafuta kama sponji, nikazisugua na msasa, nikasafisha diski, wapi, ikabidi ninunue mpya. Diski inasafishwa na isopropili safi ama dawa ya kusafisha breki inayouzwa kwa maduka ya spea za gari, na chunga spiriti za duka la dawa, zingine huwekwa mafuta ya kulainisha ngozi.

Pesa ikiwa kidogo, ianzie mbele. Ukishika breki uzito mwingi unakuja mbele, kwa hivyo gurudumu la mbele ndio linaweza kusimamisha mtu. La nyuma kwa lile vumbi jepesi la volkeno letu linajifunga na kuserereka mapema, na gurudumu likishaserereka ujue breki tayari imeishinda tairi, pistoni nne hazitaongeza kitu hapo, tafuta tairi yenye meno ama punguza upepo kidogo.

Pedi mpya zikifika usipande nazo mlima siku hiyo. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, endesha mwendo wa wastani halafu shika mpaka ufike mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, rudia kama mara 20, kisha mara 10 ukiwa na kasi zaidi. Safu nyembamba ya pedi inahamia kwa diski, na utaisikia kwa kidole, mara za kwanza liva inateleza kama imepakwa sabuni, halafu polepole inaanza kuuma.