Simu Isipolia Baada ya Odisheni

Swali ninaloulizwa zaidi na waigizaji ninaowashauri halihusu woga wa jukwaa. Huja siku ya nne au ya tano baada ya odisheni, ule usaili wa kutafuta waigizaji, mara nyingi usiku: "Hawajaniita tena kwa mchujo wa pili. Ina maana nimekosa?" Nami humuuliza: walikuambia nini kabla hujatoka mlangoni? Walitaja siku ya majibu? Walisema watampigia kila mtu, au waliochaguliwa tu? Wengi hawakumbuki. Wanakumbuka mwongozaji alivyokunja uso walipofika mstari wa tatu, wanamkumbuka aliyeacha kuandika katikati, ila lile neno moja ambalo lingewasaidia kungoja liliwapita.

Mimi ni mwanasaikolojia. Kabla ya hapo niliigiza, na hadi leo huombwa kukaa kwenye meza ya uteuzi vikundi vinapotafuta waigizaji. Nimeingoja simu, nimewasikiliza wanaoingoja, na nimekuwa miongoni mwa wasiopiga.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakukosea hata kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ninalomsimulia kila mwigizaji anayedhani yeye peke yake ndiye dhaifu. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, inayouma kiasi. Watafiti wakapima jasho na mboni za macho. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa asilimia 50. Aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja alikuwa na utulivu kuliko aliyekuwa nusu kwa nusu.

Siku zile za kimya ni nusu kwa nusu hiyohiyo. Ndiyo maana akili, ikichoka kuning'inia, huamua kujipa jibu yenyewe, na jibu inalolichagua ni "hapana". Hapana inauma, lakini angalau unajua uliposimama. Mtu anajiambia "nimekosa, sina kipaji", anapata ahueni ya usiku mmoja, halafu asubuhi anaamka na hukumu ambayo hakuna aliyeitoa.

Mwigizaji ana mtego wake mwingine ambao mwombaji wa kazi ya kawaida hana. Tumefundishwa kusoma kimya. Mwongozaji yeyote makini atakuuliza: mhusika wako hajibu hapa, kwa nini? Anaficha nini? Jukwaani, kimya kingi kina mshindo mkuu, na asiyejua kukijaza hajakomaa. Basi tunatoka mazoezini na ustadi huohuo na kuuelekeza kwenye simu isiyolia. Tunaitafutia nia. Tunamtungia mwongozaji mawazo, tunampa chuki, dharau, kusahau. Lakini kimya cha simu hakikuandikwa na mtunzi. Aghalabu nyuma yake hakuna maana yoyote inayokuhusu wewe.

Niwapeleke mezani, kwa sababu asiyewahi kukaa pale hudhani tunapanga watu kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Sivyo. Siku ikiisha, picha za waigizaji zinatandazwa na watu wanaanza kuzisogeza. Huyu anafaa kuwa mama, lakini akisimama na yule binti wanaonekana dada na dada. Sauti za hawa wawili zinafanana mno, na wana onyesho refu gizani. Watazamaji hawatajua nani anasema. Huyu ana kipaji kikubwa ila jioni tatu kwa wiki hapatikani. Mwigizaji mmoja atabeba nafasi tatu ndogo, kwa hiyo tunamtaka anayeweza kubadili mwili na sauti haraka, hata kama kuna mwingine anayemzidi kwa kina cha hisia. Kisha, usiku, mwigizaji tuliyempa nafasi ya mhusika mkuu anabadilishwa, na kwa badiliko hilo moja picha nne nyingine zinaondoka mezani. Hao wanne hawakufanya kosa lolote. Jina lao lilikuwa ndani saa mbili usiku, na saa tatu halikuwemo.

Wapo pia wasioitwa tena kwa sababu mwongozaji ameshaona ya kutosha na atawapa nafasi moja kwa moja. Sisemi hivi ili mtu ajishikize kwenye uzi huo. Mara nyingi zaidi asiyeitwa hakuchaguliwa. Ninachotaka kiingie akilini ni kwamba kutochaguliwa na kutofaa ni mambo mawili tofauti, na ukiwa upande wa pili wa meza unayaona yakitengana mbele ya macho yako kila siku.

Kuhusu simu yenyewe, sababu za kuchelewa ni za kawaida mno. Aliyechaguliwa kwanza hajathibitisha, kwa hiyo wa pili hawezi kuambiwa ndiyo wala hapana. Ukumbi haujapatikana. Au hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kutoa majibu. Niliwahi kuwa katika uteuzi ambao kila mmoja wetu aliamini mwenzake ametuma ujumbe. Watu zaidi ya thelathini walikaa wiki tatu bila neno. Nilipokuja kuzungumza na baadhi yao, kila mmoja alikuwa na maelezo yake kamili ya kile alichokosea. Hakuna aliyekuwa karibu na ukweli. Jambo hilo linanichoma hadi leo.

Sasa, ufanye nini siku hizo? Kwanza niondoe mzigo mmoja. Ndugu na marafiki watakuambia subira yavuta heri, na wanasema kwa upendo, lakini wengi husikia humo amri ya kutulia, kisha hujilaumu wasipotulia. Mwanasaikolojia Kate Sweeny na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, waliwafuatilia wahitimu 50 wa sheria katika miezi minne ya kungoja matokeo ya mtihani wa uwakili. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, mbinu walizotumia wahitimu kujituliza hazikupunguza dhiki kwa kiasi cha maana. Na waliohangaika zaidi wakati wa kungoja ndio waliopokea habari mbaya kwa namna yenye manufaa zaidi, na habari njema kwa furaha kubwa zaidi. Kwa hiyo simwambii mtu asihangaike. Namwambia ahangaike bila kujihukumu.

Jioni ileile ya odisheni, chukua karatasi na uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika ulichokiona na kukisikia tu: "aliniomba nirudie polepole", "walisema asante", "waliandika". Upande wa pili andika ulichokifikiria juu ya hayo: "hakupenda kasi yangu", "walichoka nami". Waigizaji hushtuka kuona upande wa pili ulivyojaa na wa kwanza ulivyo mfupi. Kuombwa urudie kwa namna nyingine, kwa mfano, mara nyingi ni dalili ya kutaka kujua kama unaelekezeka. Mwongozaji asiyevutiwa hana sababu ya kutumia dakika zake hivyo. Chini ya karatasi ongeza jambo moja utakalolibakiza odisheni ijayo na moja utakalolibadili. Ifunge. Ukijikuta usiku wa manane unaicheza upya odisheni nzima kichwani, jiulize kama umepata neno jipya la kuongeza upande wa kwanza. Hulipati.

Halafu weka mwisho wako mwenyewe. Walitaja siku? Ongeza siku tatu. Hawakutaja? Mimi hupendekeza wiki mbili. Siku hiyo ikifika, tuma ujumbe mmoja: "Habari. Nilisoma nafasi ya fulani tarehe fulani. Naomba kujua kama uteuzi umekamilika, ili nipange ratiba yangu. Asante kwa muda wenu." Usiombe radhi, usiulize ulikosea wapi, usitume wa pili. Baada ya hapo, kwa upande wako shauri limekwisha; wakipiga baadaye, itakuwa habari mpya. Siri ya mbinu hii ni tarehe. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kuwa lengo lisilokamilika huiingilia akili hata mtu akiwa anasoma jambo jingine, lakini akipewa nafasi ya kupanga hasa lini na vipi atalishughulikia, uingiliaji huo hupungua ingawa lengo lenyewe bado halijatimia. Akili haihitaji jibu ili iachie. Inahitaji kujua kuna siku iliyopangwa.

Katikati ya siku hizo tafuta kazi inayokumeza mzima. Kundi hilohilo la Sweeny lilikuta kwamba wanaozama katika shughuli hadi kusahau saa huvuka kipindi cha kungoja vizuri zaidi. Kutazama video kitandani hakuna nguvu hiyo, kwani akili inabaki na nafasi ya kutoroka. Hifadhi kipande kigumu kuliko ulivyozoea. Jifunze wimbo. Shona. Kitu chenye ugumu unaolingana na uwezo wako, chenye kukuonyesha papo hapo umepatia au umekosea.

La mwisho ni gumu, nami sina dawa yake kamili: yule mwenzako anapoandika kwenye kundi la simu, "Nimeitwa!" Kifua kinabana. Huo si uovu wako, ni uchungu wa kutaka kitu na kumwona mwingine amekishika. Una haki ya kuweka simu chini na kumpongeza kesho, ukiwa unaweza kumaanisha. Ila kama wiki zimepita na usingizi haurudi, chakula hakishuki, au umeanza kukwepa kila odisheni, hilo si suala la kungoja simu tena. Mwone mshauri au daktari.

Nina ombi kwa waongozaji wanaosoma hapa. Tangu zile wiki tatu, sikubali kukaa kwenye meza ya uteuzi hadi nijue ni nani atakayetuma majibu kwa wasiochaguliwa, na siku gani. Ujumbe wenyewe tunautunga kabla ya mwigizaji wa kwanza kuingia: "Asante kwa kuja na kwa kazi uliyotuonyesha. Nafasi zote zimejazwa, na safari hii hatukuweza kukuweka. Tungefurahi kukuona tena kwenye odisheni zetu." Kuutuma kwa watu arobaini huchukua chini ya saa moja. Mara ya kwanza tulipoutuma, majibu yalianza kurudi kabla hatujamaliza orodha, na wengi waliandika karibu kitu kilekile: asante kwa kuniambia.