Je, Wajua kwa Nini Kijiji cha Drawbridge Kilizama Kinamasini?

Kusini kabisa mwa Ghuba ya San Francisco, jimboni California, kuna kisiwa cha kinamasi chenye mabaki ya nyumba za mbao zilizodidimia matopeni, huku treni zikiendelea kupita katikati yake. Hapo palikuwa kijiji cha Drawbridge, kilichoanza mwaka 1876 pale reli ilipovushwa kinamasini kwa madaraja mawili ya kufunguka, na mtu akawekwa kuyafungua mashua zinapopita. Wawindaji wa bata wakamfuata, wakajenga juu ya nguzo, na kufikia miaka ya 1920 nyumba zilikuwa takriban 90. Barabara ya magari haikuwahi kufika.

Ni rahisi kudhani kwamba bahari ndiyo iliyopanda. Kilichotokea zaidi ni kwamba ardhi ilishuka, na chanzo kilikuwa mbali, kwenye mashamba ya matunda na miji ya Bonde la Santa Clara, ambako maji ya visima yalivutwa kwa pampu kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha. Chini ya bonde hilo tabaka za mfinyanzi zimepishana na za mchanga na changarawe, na maji yaliyomo husaidia kubeba uzito wa ardhi ya juu. Yakipungua, mfinyanzi hubanwa, na ukishabanwa haufumuki tena hata maji yakirudi. Mjini San Jose ardhi ilishuka karibu mita 4 kabla ya hali kudhibitiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko Drawbridge visima vilivyobubujika vyenyewe vilikauka, na maji ya bamvua yakaanza kuingia majumbani. Wenye reli walimwaga kokoto na kuinua tuta lao. Wenye nyumba hawakuwa na uwezo huo.

Viwanda navyo vilichangia: matuta ya mabwawa ya kuvunia chumvi yalizingira kisiwa, na majitaka ya San Jose yakafukuza bata. Mkazi wa mwisho aliondoka mwaka 1979.

Leo kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Don Edwards, iliyoidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1972, na wageni hawaruhusiwi kukanyaga hapo. Mwaka 2003 takriban ekari 15,000 za mabwawa ya chumvi zilinunuliwa ili zirudishwe kuwa kinamasi, makao ya panya mdogo asiyepatikana popote duniani nje ya ghuba hiyo. Matuta yanatobolewa, na maji kujaa huleta tope linaloinua polepole sakafu ya mabwawa yaliyoshuka.